Randa ya Mzee Mashoto

Wa kwanza kutolewa uvivu asubuhi ile alikuwa muuza misumeno wa pale mwanzo wa soko la vikuukuu, na kwa kweli alijitakia mwenyewe.

"Karibu, Fundi Dada," alisema, akinyanyua keekee ya mkono, ile ya kutobolea mbao, iliyovaa kutu toka kichwani hadi miguuni. "Hii ni ya enzi za mababu. Ona kutu hiyo. Kutu ya heshima."

Fundi Dada, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo tangu alipotengeneza mlango wake wa kwanza na watu wakaja kuusukuma kuona kama utaanguka, aliipokea ile keekee. Akalowesha kidole kwa ulimi, akasugua. Kutu ikatoka yote, nyepesi kama poda. Chini yake chuma kikang'aa kama sahani ya bi harusi.

"Uliizika lini?"

"Kuizika?"

"Kwenye majivu na chumvi, uliizika lini? Kutu ya miaka hula chuma mpaka ikaacha vishimo, kama uso wa aliyeugua ndui. Hii yako imejilaza juujuu tu, mgeni asiye na begi. Na hizi skrubu, mifereji yote imepita katikati sawasawa, zimetoka kiwandani juzi. Huoni haya? Zamani mlipaka rangi vikuukuu vionekane vipya, tukanyamaza. Sasa mnazika vipya vionekane vikuukuu! Kesho mtatuuzia watoto wachanga wenye mvi."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Muuza misumeno naye akacheka, maana sokoni ukikasirika umeshindwa.

"Shida yako, dada, wewe unataka chombo cha kufanyia kazi. Wateja wa siku hizi wanataka cha kutundika ukutani. Anayetundika hajali kama kinakata."

"Ndiyo maana mnatuharibia dunia," alisema Fundi Dada, akamrudishia keekee yake na kusonga mbele.

Hakuwa na muda wa kubishana. Kila Jumamosi tangu baba yake arudishwe kutoka hospitali, alikuwa akilichana soko lile kama mama anavyochana nywele zenye chawa, akitafuta kitu kimoja tu: randa ndefu ya mbao ya baba yake, Mzee Mashoto.

Mzee alipigwa na kiharusi akiwa amesimama mezani kwake, maranda yakiwa bado yananing'inia kwenye mdomo wa randa. Mkono wake wa kushoto, ambao ndio uliomlisha yeye na nyumba nzima na ndio uliompa jina, ukalala. Mtaalamu wa viungo, binti mmoja mpole mwenye mikono migumu, aliwaeleza bila kuzunguka: "Mkono huu haujafa, umesahau. Upeni kitu unachokijua. Lakini msichelewe. Mkono ukizoea kulala, unalala moja kwa moja."

Walijaribu mpira. Walijaribu kijiko. Wakamletea randa mpya ya dukani, vidole vikaikataa, vikateleza kama samaki. Fundi Dada akaleta yake mwenyewe, aliyoichonga kwa mbao ya gogo lilelile la baba, lakini mshiko wake ulichongwa kwa kiganja chake, na vidole vya mzee havikuenea. "Si yangu," alisema mzee kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado ikimtii. "Nipeni yangu."

Na yake haikuwapo. Siku zile mzee akiwa amelazwa, nyumba ikijaa na kumwagika watu wa kuja kutoa pole, sanduku zima la vifaa lilitoweka kibandani. Patasi, misumeno, kipimio, randa, vyote. Aliyegundua alikuwa Kaka Tai, kaka mkubwa wa Fundi Dada, karani, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua mkaa. Ndiye aliyepiga kelele, "Jamani, tumeibiwa!" Ndiye aliyenunua kufuli jipya. Na ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusema, kwamba yeye hamshuku mtu, ila yule kijana mpangaji wa chumba cha uani ana funguo nyingi mno. Yule kijana aliangaliwa kwa jicho la pembe mpaka akahama, godoro kichwani.

Kwa hiyo Fundi Dada alikuwa akitafuta mwizi na randa kwa pamoja, na siku ile, katikati ya soko, alidhani amewapata wote wawili.

Ilikuwa kwenye meza ya mama mmoja mnene wa sauti, aliyeitwa Mama Vyuma, aliyehamia upande ule wiki ileile baada ya kugombana na jirani yake wa zamani kuhusu nani amwage wapi maji machafu. Meza yake ilikuwa na kila kitu: pima maji zenye vioo vilivyopasuka, tupa, vichwa vya nyundo visivyo na mipini, jiriwa ya kubania mbao, nzito kama dhambi. Na juu ya rundo la magazeti, kuyazuia yasipeperuke, imekaa randa ndefu ya mbao, nyeusi kwa mafuta ya viganja.

Fundi Dada hakuitazama mara mbili. Aliikamata. Kwanza akalikagua gogo: mbao nzito ya kahawia yenye mshipa mwekundu, ileile. Akatazama kabari inayobana kisu: imechongwa mkia wa ndege, kama baba yake alivyochonga, hakuna mwingine. Kisha akafumba macho na kuushika mshiko wa nyuma kwa mkono wa kushoto. Gumba lake likatumbukia kwenye kishimo upande wa kulia wa mshiko, laini kama shavu la mtoto. Mafundi wote wa dunia gumba lao huchimba upande wa kushoto, kwa kuwa hushika kwa mkono wa kulia. Kishimo kikiwa kulia, aliyeshika ni mashoto. Moyo ukampiga kama nyundo kwenye debe.

"Umeitoa wapi hii?"

"Salamu kwanza, mwanangu," alisema Mama Vyuma, akiendelea kumenya chungwa.

"Salamu utaipata ukishanijibu. Umeitoa wapi randa hii?"

"Hiyo haiuzwi."

"Haiuzwi, ndiyo! Cha wizi kitauzwaje mchana kweupe?"

Chungwa likasimama njiani. Hapo ndipo soko lilipohama. Muuza misumeno akaacha misumeno, muuza kufuli akaacha kufuli, hata mwenye bomba la maji akafunga bomba. Watu wakafanya duara, maana ugomvi wa bure hauna kiingilio.

"Umesema nini?"

"Nimesema cha wizi! Hii ni randa ya baba yangu. Yuko kitandani anaililia, mkono wake unakufa huku nauona, na wewe umeigeuza jiwe la kuzuia magazeti! Mnanunua chochote kutoka kwa yeyote, hamuulizi! Mtu akiwaletea mguu wa mama yake mtaupima kilo!"

"Endelea," alisema Mama Vyuma. "Ukimaliza nishtue."

"Kishimo cha gumba hiki hapa! Kulia! Mji huu una fundi mmoja tu aliyepiga randa kwa mkono wa kushoto!"

Mama Vyuma aliweka chungwa chini. Akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Wewe unakula kwa mkono gani?"

"Kula kunahusu nini?"

"Jibu. Watu wote hawa wanasubiri."

"Wa kulia."

"Na randa unapiga kwa mkono gani?"

Fundi Dada akatazama chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshika mshiko.

"Wa kushoto," alisema. "Kwa sababu nilifundishwa na baba. Meza yake, jiriwa iko upande ule, kizuizi cha ubao kiko upande ule. Ukisimama pale huwezi kupiga kwa mkono mwingine, utajigonga ukuta."

"Haya. Na marehemu mume wangu alisimama palepale, kabla wewe hujaota meno. Alikuwa wa mkono wa kulia kama wewe, akatoka kwa mzee wako anapiga randa kinyume, mafundi wenzake wakimcheka mpaka kaburini. Wanafunzi wote wa Mashoto ni mashoto wa mezani! Na kila aliyehitimu alichonga randa yake kwa mfano wa ya mwalimu. Wewe hukuchonga?"

"Nilichonga."

"Basi hii ni ndugu yake na yako. Sasa, kabla hujaniita mwizi tena, hesabu vidole."

Fundi Dada akautazama mshiko, safari hii kwa macho. Mbele ya mshiko, pale vidole vitatu vya mwisho vinapozunguka, maana cha shahada hunyooshwa kando ya kisu, kila kidole cha fundi huacha mfereji wake. Palikuwa na mifereji miwili. Wa tatu, wa kidole cha mwisho, haukuwapo. Mbao pale ilikuwa imenyooka na kali kama siku ilipochongwa.

"Kidole chake cha mwisho kilichukuliwa na msumeno wa mashine," alisema Mama Vyuma. Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini macho hayakushuka. "Mzee wako ana vidole vyote. Umeona kutu ya uongo kule mwanzo wa soko, nimesikia sifa zako zimetangulia. Hapa umeona ulichotaka kuona. Naiweka juu ya magazeti kwa sababu kila siku lazima niyainue, na kila nikiyainua naishika. Sasa niwekee chini."

Fundi Dada aliiweka chini kama anayeweka yai. Aibu ilimpanda mpaka kwenye ncha za masikio. "Mama, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu."

"Umenivunjia. Na watu hawa wataisimulia mpaka mwakani, na wataiongezea chumvi." Duara likacheka. "Lakini aliyekutuma huku kwenye meza za watu akasema kuna mwizi, huyo ndiye ungemfungulia huo mdomo. Nani alisema mmeibiwa?"

"Kaka yangu."

Mama Vyuma akalisukuma chungwa kando. Mtu kama yule akisukuma chakula, ujue kuna kitu amekiona.

"Kuna mpamba kuta alikuja hapa," alisema. "Anapamba mkahawa mpya, ule wa ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alitaka vikuukuu vya kujazia, akanionyesha picha kwenye simu: ukuta umejaa vifaa vya useremala. Akaniambia wamepewa sanduku zima la fundi mmoja wa zamani. Nikaona mshiko. Kishimo kulia. Nikasema moyoni, wenyewe wameamua kuvitoa. Watu wanatoa, mwanangu. Ningewauliza nini? Mimi ni nani kwenu?"

"Wamepewa? Na nani?"

"Na mtu wa familia, alisema. Mvaa tai."

Fundi Dada hakuaga. Baadaye alirudi kuaga vizuri, lakini siku ile aliondoka kama jiwe lililotoka kwenye manati.

Mkahawa ule ulinukia kahawa na rangi mbichi. Vijana waliokaa na kompyuta zao hawakuinua macho alipoingia na nguo zake za kazi. Ukuta wa mwisho, kutoka sakafuni hadi darini, ulikuwa umetundikwa vifaa vya baba yake kama vipepeo waliochomwa pini. Misumeno ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, meno na yote. Patasi zimepangwa kama miale ya jua, zimepigwa vanishi mpaka kwenye makali. Na katikati ya jua lile, randa. Walikuwa wameichoma skrubu ndefu kutoka juu mpaka chini, ikatokea tumboni na kuingia ukutani. Kwenye mdomo wake, pale yalipotokea maranda ya maisha yote, walichomeka ua la plastiki.

Chini yake palikuwa na kibao cha shaba. Akakisoma. Akakisoma tena, akidhani macho yake yamemdanganya.

KWA KUMBUKUMBU YA MAREHEMU FUNDI MASHOTO. APUMZIKE.

Kuna hasira ya kelele, na kuna hasira inayomfanya mtu awe mtaratibu kabisa. Fundi Dada alivuta kiti, akapanda, akatoa bisibisi kwenye mfuko wa suruali, akaanza kufungua.

"Dada! Dada, hilo ni pambo!" Mhudumu alikuja mbio na sinia mkononi.

"Pambo ni wewe. Nishikie hili ua."

Kijana wa watu akalishika.

Mwenye mkahawa akatokea, mzee wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mtu wa sauti ya chini. "Binti, kuna tatizo? Vitu hivyo tumepewa zawadi, kwa heshima kabisa. Ni vya marehemu baba wa karani wangu."

"Marehemu huyo asubuhi hii amegombana na mama kuhusu uji," alisema Fundi Dada, akizungusha bisibisi. "Kasema umepoa."

Mwenye mkahawa alivaa miwani, akamtazama vizuri, kama ndiyo sasa anaona yule aliyeko juu ya kiti ni mtu. "Lakini mimi nilitoa rambirambi. Nilimpa ruhusa ya kwenda kuzika. Hapa tulisimama wote, wapishi, wahudumu, tukamkumbuka." Akageuka kuelekea mlango wa ofisi. "Hebu mwite karani. Mwite hapa hapa."

Kaka Tai alitoka na kalamu sikioni. Alipomwona dada yake juu ya kiti, tai ilionekana kumbana yenyewe.

"Unafanya nini hapa? Unaniaibisha kazini kwangu."

"Mimi ndiye nakuaibisha? Mimi?" Skrubu ilitoka na kuanguka, ikabiringika chini ya meza za watu. Sasa vichwa vyote vilikuwa vimeinuka kutoka kwenye kompyuta. "Umemzika baba! Amelala nyumbani anapigania kidole kimoja kisogee, na wewe umeshamzika, umekula rambirambi yake, ukapewa na likizo!"

"Punguza sauti. Sikiliza. Baba hatarudi mezani, wewe unajua, mimi najua, hata daktari—"

"Mtaalamu wa viungo alisema tusichelewe! Na wewe ulikuwepo!"

"Nilitaka vitu vyake viheshimiwe. Kule kibandani vingeliwa na mchwa. Hapa watu wanavitazama, wanauliza. Bosi alikuwa anatafuta vitu vya namna hii, nikaona..." Akamtupia jicho mwenye mkahawa, akakuta jicho lile limefungwa mlango. "Ningempa nani? Wewe? Uzee wako wote ushinde na maranda kichwani? Mwanamke hukabidhiwa sanduku la fundi?"

"Nani kakwambia nimesubiri kukabidhiwa? Nilikwambia namtafutia baba mwenyewe!" Alishuka kwenye kiti, randa ameikumbatia. "Kila Jumamosi unaniona natoka. Unaniuliza, 'Umepata chochote?' Unanipa pole! Leo nimemtukana mjane wa watu sokoni, mbele ya kadamnasi, kwa ajili ya uongo wako. Yule mpangaji amehama na godoro kichwani, jina lake limechafuka mtaa mzima, kwa ajili ya uongo wako. Kwa nini hukusema tu, 'Nimevitoa'? Tungegombana, tungelia, ningevifuata siku ileile!"

Kaka Tai akailegeza tai. Alikuwa ametaka kumfurahisha mkubwa wake, na uongo wa kwanza ukaomba wa pili, wa pili ukaomba kufuli.

Mwenye mkahawa alikuwa ameshachukua bisibisi nyingine kutoka kwa mtu wa jikoni, anafungua patasi moja baada ya nyingine. Mwisho akakibandua kile kibao cha shaba kwa kisu cha siagi. Alisema tu, "Karani, sanduku lao liko stoo, nimelifanya la kuwekea vitambaa. Vitoe vitambaa. Kisha ulibebe mwenyewe mpaka kwenu, na kazi tutazungumza Jumatatu."

Basi watu wa mtaa wakapata cha kutazama. Kaka Tai mbele, sanduku begani, tai imehamia mgongoni, jasho linamtiririka. Fundi Dada nyuma, kama askari na mahabusu wake. Kila aliyeuliza "Kulikoni?" alijibiwa, "Muulize mbebaji."

Nyumbani kulikuwa kumejaa kama kawaida. Mama, majirani wawili, na shangazi yao, dada wa mzee, ambaye siri ikimwingia haipati hata muda wa kukaa. Mzee Mashoto alikuwa ameegemezwa mito, mkono wa kushoto umelazwa pajani kama kitu alichoachiwa na mtu mwingine akishikie.

Fundi Dada aliwapita wote. Alipiga magoti, akaiweka randa mapajani mwa baba yake, mshiko ukiutazama mkono.

Kwanza hakikutokea kitu. Mama akageuza uso. Kisha gumba likajikunja, polepole, kama konokono anayetoka, likaenda upande wa kulia wa mshiko na kukuta kishimo chake. Likaingia. Vidole vingine vikafuata kwa kusuasua, kimoja kikipotea njia na kurudi, mpaka kila kimoja kikaingia kwenye mfereji wake. Mkono ukafunga.

Shangazi alianza kigelegele, mama akamziba mdomo kwa kiganja, maana mzee alikuwa bado na jambo. Kwa mkono wa kulia aliisaidia randa kugeuka. Akapitisha kidole tumboni mwa randa, kuanzia mbele kwenda nyuma, kama fundi anavyofanya kabla ya kuigusisha na ubao. Kidole kilikwenda vizuri, kikafika katikati, kikatumbukia.

Uso wa mzee, ambao nusu yake ilikuwa imelala kwa majuma, ukakunjamana wote.

"Nani?" alisema.

Kidole kikarudi palepale kwenye tundu.

"Nani katoboa?"

Shangazi akaondoa kiganja cha wifi yake mdomoni, akamwaga yote aliyokwisha kuyapata kwa mbebaji pale mlangoni: mkahawa, ukuta, ua la plastiki, kibao cha shaba, marehemu, rambirambi, likizo ya mazishi. Mama akashika kichwa. Majirani wakasogeza viti karibu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Marehemu," alisema, maneno yakimtoka mazito, moja moja. "Sawa. Kufa, nitakufa. Nani hafi? Lakini tundu?" Akapumua. "Skrubu? Tumboni mwa randa? Wewe mtoto... ungenizika mara mbili... kuliko kutoboa!"

"Baba, nisamehe. Nitatafuta fundi mzuri kabisa aizibe—"

"Fundi!" Mzee alicheka, kama kile kilikuwa kicheko. "Fundi ni huyo dada yako. Ana kazi zake. Wewe umetoboa, wewe utaziba. Kaa chini."

Kaka Tai akakaa sakafuni na suruali yake ya pasi. Fundi Dada akampa kipande cha mbao ya aina ileile na kisu, achonge kijiti cha kuziba tundu. Cha kwanza alichochonga kilipasuka katikati. Cha pili kilikuwa chembamba, kikapita kwenye tundu na kutokea upande wa pili, nyumba nzima ikaangua kicheko. "Fuata mishipa ya mbao!" mzee alifoka, mate yakimtoka, na hakuna aliyethubutu kumfuta. "Kijiti kisimame! Unakilaza kama nani? Kama marehemu?" Hapo hata mama alicheka, huku machozi yanamshuka.

Fundi Dada hakucheka. Alikuwa amesimama kando, anaisugua patasi ya kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kuiondoa vanishi ya watu, na hasira yake ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata punje. Mkono wa baba umeamka, ndiyo, na alishukuru. Lakini kushukuru ni kitu kimoja, na wiki zilizopotea ni kitu kingine, na hakuna aliyejua zile wiki zimechukua nini ambacho hakitarudi.

Kijiti cha tatu kikaenea. Kilihitaji kugongwa tu.

"Baba, iachie kidogo niiweke mezani," alisema Kaka Tai.

Mzee alijaribu kuachia. Wote waliona alijaribu. Kidole kimoja kikainuka, kikarudi. Mkono haukutaka.

"Gonga hapahapa," alisema mzee. "Na usiniguse mkono."

Kaka Tai akapiga magoti mbele ya baba yake, akakielekeza kijiti, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, akisubiri. Fundi Dada alimpa nyundo ya mti. Neno hakumpa.